Kitufe cha Nne

Mtu anayelala chali chini ya meza mchana kutwa, solda ya moto ya kuungia waya ikimdondokea kifuani, ama ni mgonjwa ama ana penzi. Mama Mapacha hakuwa mgonjwa. Alikuwa akiifungia waya yadi ya treni ndogo za mfano zilizojaa chumba cha nyuma. Mume wake, mchora mabango, alikuwa juu ya meza hiyohiyo akivipaka vilima vya karatasi rangi ya majani. Ndivyo walivyogawana kazi, mke chini na mume juu.

Yadi yenyewe ilikuwa na njia tano zilizochipuka kutoka reli moja. Ili treni ifike njia ya nne, lazima njiapanda kadhaa za reli zigeuke, kila moja kwa swichi yake, na ukikosea moja tu behewa linalala ubavu. Mama Mapacha, aliyemaliza ujana wake akiunganisha simu za watu, aliona huo ni upuuzi. Alitaka kila njia iwe na kitufe chake: ukibonyeza mara moja, njiapanda zote zinazohusika zigeuke zenyewe. Ugumu ulikuwa kuuzuia umeme wa kitufe kimoja usizunguke nyuma ukageuza njiapanda za kitufe kingine. Hapo akatia diodi, vidude kama punje za mchele vinavyouruhusu umeme kwenda na kuukataza kurudi. Alizikosea, akazing'oa, akanuna, akarudi chini ya meza.

Sababu alikuwa nayo. Chama cha wajenzi wa treni ndogo kilikuwa na nafasi moja tu, na mgeni huingia kwa kazi ya mkono wake mwenyewe. Mke na mume wote waliitamani tangu zamani.

"Nafasi ni yako, mama watoto," mume alisema kwa kinywa chake. "Mimi na vilima vyangu tutasubiri."

Akaahidi kuwaalika wakubwa wa chama Jumamosi. Mama Mapacha alifurahi hadi akaona haya.

Jumamosi asubuhi alifuta vumbi kwenye paneli ya vitufe, akabonyeza kitufe cha nne. Kimya. Akabonyeza cha kwanza: tak, tak. Akarudia cha nne: tak, tak. Kumbe waya ni nzima, ila njiapanda zilikuwa zimeshaelekezwa njia ya nne kabla yeye hajagusa kitu. Naye, kwa mazoea ya kazi, hakuwahi kutoka chumbani bila kuzirudisha njia ya kwanza.

"Baba Mapacha, nani kachezea yadi?"

"Labda panya."

"Panya wa nyumba hii siku hizi wanabonyeza vitufe?"

Mume alicheka kuliko mzaha wenyewe ulivyostahili. Mama Mapacha akayaacha. Ukimchunguza sana bata huwezi kumla, na mume je?

Mchana wageni wakafika, wakiongozwa na mwenyekiti wao, mwoka mikate mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

"Fundi! Hebu tuonyeshe tena ile ya juzi!" alimwambia mume. Kisha akamgeukia mke. "Shemeji, hongera. Mumeo tulishampitisha juzi hiyohiyo, leo tumekuja kumkaribisha rasmi. Katusimulia ulivyokuwa ukimmulikia tochi chini ya meza. Wake wavumilivu namna hii hawapo tena!"

Juzi Mama Mapacha alikuwa kwa dada yake, akarudi jana usiku. Mume ndiye aliyemhimiza aende, akapumzike.

Alimtazama mumewe. Mume akatazama vilima. Mama Mapacha alihisi uso ukiwaka, na ubaya wake ni kwamba aliona aibu yeye, kana kwamba yeye ndiye mwizi.

Mwoka mikate aliinama kuchungulia chini ya meza. "Diodi hizi, fundi, umezipangaje hata umeme haurudi?"

"Ee... hizo..." Mume akajifuta jasho. "Mama watoto, hebu waeleze, koo limenikauka."

"Mimi?" alisema Mama Mapacha. "Mimi nilimulika tochi tu."

Akaenda zake jikoni. Huko nyuma mtu akasifu vilima, kisha viti vikasogezwa. Wageni hawakukaa hata kunywa chai.

Mume alimfuata. "Umeniaibisha mbele za watu."

Mama Mapacha akachukua kikombe, akaanza kukiosha.

"Ningeonekanaje lakini? Mke yumo chamani, mume kabaki mlangoni?" Akashusha sauti, akasogea karibu. "Juzi niliwaahidi kuwafungia waya yadi yao wiki ijayo. Utanifundisha, eti? Si unajua bila wewe siwezi."

Mama Mapacha aliweka chini kikombe alichokuwa akikiosha.

"Ungeniomba nafasi hiyo," alisema, "ningekupa."

"Najua," alisema mume.

Hapo ndipo Mama Mapacha alipolia.