Miguu ya Mgeni

Kijiji kizima cha Lupepo hakuna punda aliyetunzwa kama Mgeni, na matunzo hayo ndiyo yaliyomponza.

Atuganile alimnunua huko Usangu, kwenye jua na vumbi, mwaka ule lori la ushirika lilipoacha kabisa kupanda kijijini. Soko huria limefika, waliambiwa. Kweli lilifika, lakini liliishia kwenye lami likagoma kupanda. Wanunuzi wa ndizi walikaa na magari yao barabarani, na mwenye mikungu aishushe mwenyewe kwenye utelezi. Mjane mwenye mgongo mbovu angeishushaje? Mgeni ndiye aliyeishusha. Bila yeye ndizi zingeivia shambani na kuliwa na ndege, na mama wa watu angelala njaa katikati ya migomba yake.

Masika yalipoanza, Mgeni akaota vipele juu ya kwato. Vikapasuka, vikatoa majimaji, vikafunga magamba. Atuganile hakulilalia jambo hilo. Mnyakyusa huyu, na Mnyakyusa humsafisha ng'ombe wake kuliko wengine wanavyosafisha sahani! Kila asubuhi alichemsha maji, akamsugua punda kwa sabuni ya mche, akambandua magamba mpaka damu ikachuruzika, kisha akamfunga majani mabichi ya mgomba ili tope lisimguse. Mguu wa nyuma wa kushoto tu ndio uliomshinda, maana ukiguswa pale Mgeni alirusha teke la kuvunja taya.

"Gwe Atuganile," jirani yake Ikupa alimtania kutoka ng'ambo ya ua, "hata marehemu hukumwogesha hivyo!"

"Marehemu alibeba ndizi lini?"

Wakacheka wote wawili. Lakini magamba yalirudi, na kila yaliporudi yalipanda juu zaidi. Atuganile naye akazidisha bidii, akawa anaosha asubuhi na jioni. Punda akijikunja kwa maumivu, alimbembeleza na kuendelea kusugua, maana mgonjwa haulizwi uji.

Siku Mgeni aliposhindwa kuvuka mfereji, mguu mmoja wa mbele umevimba mpaka gotini, Atuganile akashuka Msasani, mjini Tukuyu, kumtafuta Ackson. Huyu alikuwa bwana mifugo wa serikali kabla ya kupunguzwa kazini, na sasa alikuwa na kiduka cha dawa za mifugo. Enzi zile angepita mwenyewe vijijini na kuuona ugonjwa ungali mchanga. Sasa alikaa dukani akisubiri kuitwa.

Ackson alichuchumaa zizini, akafungua majani. Harufu ikamfanya ageuze uso. Akakagua mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka alipofika ule wa nyuma wa kushoto. Ulikuwa mkavu, na manyoya yalishaanza kuota.

"Huu umeupaka nini, mama?"

"Huo? Huo sijaugusa. Ananipiga mateke."

Atuganile akamtazama Ackson, akautazama mguu ule, akaelewa kabla hajaambiwa. Akashika nguzo ya zizi.

"Huoshwa mara moja tu, mama," Ackson alisema polepole, "ukakaushwa vizuri, ukaachwa. Ugonjwa huu chakula chake ni unyevu. Akae pakavu."

"Pakavu!" Atuganile alicheka kicheko kibaya. "Nionyeshe pakavu Lupepo hii, bwana mifugo. Nionyeshe!"

Ackson akapiga sindano, akaondoka. Atuganile akamwingiza Mgeni jikoni kwake, akamtandikia majani makavu, akachochea moto usizimike. Nje mvua ilinyesha bila kupumua. Lakini usaha ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Punda akakataa majani, akakataa maji, mwishowe akalala chini na kushindwa kuinuka.

Ackson alipoitwa tena hakufungua hata mkoba wa dawa. "Anateseka bure, mama. Niruhusu nimpumzishe."

"Ngoja kidogo."

Atuganile akapiga magoti pembeni ya punda. Alijichukia kwa chuki ambayo hakuwahi kumchukia nayo mtu mwingine. "Nisamehe, baba," alisema. "Nimekuua kwa mikono yangu, na nilikuwa nakupenda."

Mgeni aliposikia sauti yake akatikisa sikio. Kisha taratibu, kwa tabu, akausogeza ule mguu uliovimba mpaka ukamgusa mama gotini, akauacha hapo, akingoja aoshwe.

Atuganile akaukumbatia, akalia kwa sauti, akamwambia Ackson afanye kazi yake.