Kamera ya Didace

Kamera ilifika kijijini Kakese, Didace hakufika. Yeye alibaki Dar, mwaka wa nne huo bila kukanyaga kwa mama yake, Rozalia, akamtuma fundi aje kuifunga juu ya mlango.

"Sasa nitakuwa nakuona kila siku, Mama," alisema kwenye simu, na Rozalia akaamini. Kila asubuhi akawa anajifunga kitenge cha kanisani, anasimama chini ya kamera na kuisalimia.

Mwezi wa pili akateleza bombani, mbele ya kamera kabisa, mkono ukavunjika. Alilala kwenye tope mpaka jirani alipopita. Wiki tatu nzima akaionyesha kamera ule mkono wenye plasta, kama mtu anayenadi samaki. Didace hakupiga.

Siku moja akachomoa ruta ya waifai ili achaji simu. Chai haijachemka, Didace huyo kwenye simu!

"Mama, kuna nini? Kamera imezimika! Simu yangu imeniletea ujumbe."

"Kamera imezimika. Mimi bado."

Hapo Rozalia akaelewa kinachomfanya mwanawe apige. Akamwita Naseeb, yule fundi wa Shanwe aliyeifunga kamera.

"Uliniambia kamera hii inashika mawimbi gani ya waifai?"

"Ya gigahezi mbili pointi nne tu, bibi. Ruta inatoa hayo na ya gigahezi tano, ila hayo ya tano kamera haiyapati."

"Basi zima hayo ya mbili pointi nne."

"Bibi, kamera itakuwa pambo!"

"Na mimi nimekuwa nini?"

Naseeb akacheka, akazima.

Siku nne Didace alipiga asubuhi na jioni. Taa ya kamera ina rangi gani? Ruta umeihamisha? Rozalia alijibu ovyo makusudi, maana sauti ya mwanawe ilikuwa ndani ya nyumba. Siku ya tano Didace akachoka.

"Jumamosi tunalimaliza hili, Mama. Usitoke."

Rozalia akachinja jogoo, akapika wali wa mchele wa Mwamkulu. Jumamosi pikipiki ikasimama uani. Alishuka Naseeb na boksi.

"Ametuma mpya, bibi," alisema bila kumtazama. "Hii inashika mawimbi yote mawili."

Naseeb akafunga kamera, akakaribishwa jogoo wa Didace, akala ameinama. Rozalia alibeba sufuria kwenda nyuma ya nyumba. Simu ikaita.

"Mama! Safi sana. Hapa nakuona kabisa, umependeza."

Rozalia akajitazama, masizi mpaka kiwikoni.

"Didace, niko nyuma ya nyumba. Naosha sufuria."

Rozalia akakata simu, akaendelea kusugua kwa mkono mmoja.