Rozari Isiyo na Msalaba

Kila asubuhi Dorkas alimkamua ng'ombe, akaifunika ndoo ya maziwa kwa kipande cha kanga, kisha akakaa nyuma ya banda juu ya kinu kibovu kilichopinduliwa. Hapo alitoa mfukoni mwa sweta shada la punje za mti, akazipitisha moja moja kati ya kidole gumba na kidole cha kati. Punje moja, pumzi moja. Avute, aachie. Akimaliza punje zote mia na nane, kifua kilichombana tangu mama yake azikwe mwezi Machi kililegea kidogo, akaweza kuingia ndani na kukoroga uji kama watu wengine.

Asubuhi hiyo alikuwa amefika kwenye sitini na kitu aliposikia mtu akivuta pumzi ambayo haikuwa yake.

"Rozari!"

Shangazi Lukia alisimama kwenye kona ya banda, jembe begani, tayari kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba ya kijiji cha Mhezi hupeleka mtu kuzibua mfereji. Alisema neno hilo kwa sauti ya mtu aliyemkuta chatu kitandani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba ya nini? Unaficha nini, na nimeshaona? Binti wa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kuzaliwa, unajibanza nyuma ya ng'ombe unasali Kiroma!"

"Si rozari, shangazi. Hii ni..."

Maneno ya Dorkas yalikuwa na tabia ya kufika wakati watu wameshaondoka. Alipopata la kusema, shangazi alikuwa ameshavuka geti, anapanda njia ya mferejini kwa kasi ambayo magoti yake, kwa maelezo yake mwenyewe, hayakuwa nayo tangu mwaka juzi.

Shangazi Lukia alikuja msibani kukaa wiki moja, akiwa na mabegi ya mwaka mzima. Siku ya nne matanga yalipoanuliwa, alitangaza kuwa kilio kimefungwa. Atakayelia tena anamkosoa Mungu, na jina la marehemu lisitajwe mbele ya kaka yake, asije akavunjika moyo. Ilikuwa sheria rahisi kwake, maana hata marehemu alipokuwa hai yeye hakulitaja. Mama yake Dorkas alizaliwa Chome, katika nyumba ya Wakatoliki, akaingia Ulutheri alipoolewa. Aliimba kwaya ya usharika miaka ishirini na sita, akafagia kanisa, akapika chakula cha wageni wa dayosisi, na bado wifi yake alimwita "yule wa Roma."

Basi shangazi alivyoona punje zile, hakuhitaji kuuliza. Rozari maana yake Roma. Roma maana yake mwanamume. Na mwanamume angekuwa nani kama si Erasmo, kijana wa Chome anayepita na pikipiki kununua tangawizi, ambaye Dorkas aliwahi kumpa maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati? Msaragambo ulipofika kona ya kwanza ya mfereji, kijiji kizima kilijua kuwa Dorkas anasali rozari. Kona ya pili alikuwa ameshabatizwa upya. Kona ya tatu, kwa jinsi wanawake walivyomtazama tumbo alipofika naye na kuinama na koleo, alikuwa na mimba ya miezi mitatu.

"Mtakatifu Dorkas," alisema Fortunata, jirani yao, akitupa tope kando, "tuombee na sisi huku bondeni, maji yashuke."

"Muache, ana mfungo," alijibu mwingine. "Mfungo wa pikipiki."

Wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Dorkas alichimba. Angeweza kuwaambia kuwa punje zile zinaitwa mala, shada la Kihindi la kuhesabia pumzi, kwamba Ikupa, rafiki yake wa chuo cha ualimu aliyekulia kwenye kambi ya mkonge huko chini, alimtumia kwa basi mpaka mjini Same, na kwamba Ikupa naye alijifunza kwa kutazama video kwenye simu alipokuwa hapati usingizi. Lakini kumweleza Fortunata habari ya pumzi, katikati ya tope, ni kumpa wimbo wa kuimba mpaka Krismasi. Akaendelea kuchimba. Kifua kikambana, na jioni alipozitafuta punje chini ya mto wake, shangazi alikuwa ameshazichukua.

Jumapili baada ya ibada shangazi aliitisha kikao. Kwa kuwa jambo lilihusu Roma, alimwita mtaalamu wa Roma, katekista Filipo, ambaye pia ndiye baba yake Erasmo. Mzee Filipo alishuka kutoka Chome amevaa suti ya kahawia, na nyuma yake akaingizwa mkungu wa ndizi. Alikuwa amekuja kupokea roho moja iliyopotea na mkwe mmoja, vyote kwa safari moja. Erasmo hakuja. Habari za uchumba wake alizisikia barabarani kama watu wengine, akapeleka pikipiki gereji, ingawa haikuwa mbovu.

Baba yake Dorkas, mzee Tumainieli, alikaa pembeni akitazama sakafu. Tangu Machi alikuwa fundi wa kutazama sakafu.

Shangazi alileta shada kwenye sahani, limefunikwa kitambaa, kama polisi anayeleta kisu mahakamani.

"Kagua, katekista. Sema mwenyewe."

Mzee Filipo alivaa miwani, akaliinua shada kwa heshima, akaligeuza. Akaligeuza tena.

"Msalaba uko wapi?"

"Ameukata! Wajanja hawa!"

Mzee akaanza kuhesabu. Alihesabu kwa sauti, na walikaa kimya kama wanaosubiri matokeo ya uchaguzi.

"Mia na nane," alisema hatimaye, na uso ukamshuka. "Mama, rozari ina hamsini na tisa. Hii si yetu."

"Kama si yenu ni ya nani? Ya Waislamu?"

"Tasbihi yao ni tisini na tisa."

"Basi ya shetani!"

"Hesabu za huyo mimi sizijui," alisema mzee Filipo, akautupia mkungu wake jicho, akiwaza kama ni adabu kuondoka nao.

Hapo ndipo Dorkas alipoona jambo ambalo hakulitarajia. Shangazi alihuzunika. Wiki nzima Roma ilikuwa shimo la moto. Sasa, ndani ya dakika moja, ikawa mahali pazuri pa watu wa heshima.

"Afadhali ingekuwa Roma!" aliomboleza. "Roma wana Biblia, wana shule, wana hospitali. Mzee Filipo, kijana wako bado yupo yupo tu?"

"Yupo, mama, lakini..."

"Basi mambo si mabaya. Mnamwona huyu? Ametoka chuo, ajira za serikali hazijatoka, anakaa anahesabu mbegu kama kuku. Dawa yake ni mume."

Mzee Filipo, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimgeukia Dorkas. "Binti yangu, wewe mwenyewe unazitumia kufanya nini?"

Dorkas alitazama mikono yake. "Kupumua, mzee."

Shangazi akacheka, kicheko cha kupiga paja.

"Kupumua! Kaka, umesikia? Umeuza ng'ombe wawili mtoto aende chuo, amerudi anajua kupumua! Huyu ng'ombe aliyebaki anapumua bila cheti!"

Hata mzee Filipo alitabasamu, akajifanya anafuta miwani.

"Shangazi, ni kwa sababu kifua..."

"Kifua kina nini? Unakula makande yanakwisha, unalala kitandani, baba unaye. Una shida gani wewe? Wenzako wana shida." Akaokota shada kwenye sahani, akaenda nalo jikoni, akalitupa kati ya mafiga. Punje zilipasuka moja moja motoni, na moshi wake ukaja sebuleni ukinukia vizuri kuliko alivyopenda shangazi. "Haya, kwisha. Sasa pumua tuone."

Wote wakamtazama Dorkas, wakingoja alie, au akimbilie jikoni. Shangazi alikuwa ameshasimama mlangoni kumzuia.

Dorkas hakwenda jikoni. Alishangaa kuona kwamba maneno, safari hii, yalikuwa yamefika mapema, yamekaa yanamsubiri.

"Umefanya vizuri kuzichoma, shangazi," alisema. "Zilikuwa zinanisaidia kunyamaza."

"Unasema nini wewe?"

"Sisemi na wewe." Alimgeukia baba yake, akangoja mpaka mzee alipoinua macho kutoka sakafuni. "Baba, mama amekufa. Agatha wako. Miezi saba tunaishi humu kama vile hakuwahi kupika kwenye jiko lile. Mimi namlilia bandani, wewe unamlilia kwenye shamba la tangawizi, nimekuona, na tukikutana mezani tunaulizana habari za mvua. Sitaki mume. Sitaki kuombewa. Nataka nikae na wewe hapa hapa, tumtaje mama, tulie mpaka tuchoke, na asiyetaka kusikia akalale kwake."