Ukurasa wa Kuripoti Hitilafu

Tangu atengeneze ukurasa mpya wa kuripoti hitilafu, mtaalamu mmoja wa kompyuta alijisifu kwamba programu yake ya vipimo vya mafundi cherehani hailalamikiwi tena. Leo dada yake, fundi, alimtandazia gauni la harusi alilolikata kwa vipimo vile. Mikono ya gauni ingemtosha mtoto.

“Mbona hukuripoti?”

“Niliripoti, kaka'angu! Ukurasa wako ukaniuliza toleo la programu. Mimi najua matoleo? Nikaacha wazi, ukafuta maelezo yangu yote. Nikasema basi, nimekoma.”

Kaka akaketi kuripoti mwenyewe. Akasahau kujaza kisanduku kimoja, maneno yake yote yakayeyuka. Akanywea. Kumbe kimya alichojivunia kilikuwa cha watu waliochoka.

“Mwenye gauni anakuja lini?” akauliza taratibu.

“Ndiye huyo anayebisha hodi.”