Lambo Lililoangukiwa na Ndege

Ndege ndogo iliyokodiwa kunyunyizia sumu kwelea, vile vindege vilavyo mpunga, ilipita juu ya lambo ikikohoa, moshi mweusi ukiitoka puani. Dida aliiona kutoka mbali. Alikuwa nyuma na wachungaji wenzake, wakileta ng'ombe wenye kiu kutoka upande wa Garsen. Mdogo wake, Molu, alikuwa ametangulia kukata miiba iliyoziba njia ya kunyweshea.

Injini ikanyamaza. Ndege ikalaza bawa moja, ikaanguka palepale Molu aliposimama, maji yakimfika magotini.

Dida akakimbia, mkuki mkono mmoja na rungu mkono wa pili. Alipofika, pua ya ndege ilikuwa imemgandamiza Molu kwenye tope na kifua chake kimefunguka. Mkono wake ulikuwa peke yake kwenye nyasi, bado umeshika panga.

Rubani, mtu mnene aliyeitwa Chengo, alikuwa anatambaa kutoka kwenye kioo kilichovunjika, mguu ukiburuzika nyuma yake. Dida alimkamata ukosi wa shati, akamburura hadi ukingoni na kumshushia rungu la bega mpaka mfupa ukalia. La pili likampata mdomoni.

"Umemuua ndugu yangu!"

"Injini, kaka. Injini imenifia hewani."

Dida aliitazama hiyo injini. Kifuniko kilikuwa kimeng'oka, na mpira wa oili ulikuwa umefungwa kwa waya na ukanda wa tyubu ya baiskeli. Watu wa Kulesa hufunga hivyohivyo pampu zao za shambani.

"Mmefunga ndege kama pampu ya kumwagilia migomba?"

"Nilimwambia tajiri inatema oili tangu jana. Akasema funga, ruka, mpunga unaisha."

"Na wewe ukaruka."

Chengo alitema jino. "Nikaruka."

Dida akaweka rungu chini, akainua mkuki.

"Niue," Chengo akasema, "lakini ng'ombe wasinywe haya maji. Tangi limepasuka. Hiyo ni sumu."

"Sasa unatafuta pa kujifichia."

Pikipiki ikasimama ukingoni. Alikuwa Sadik, Msomali aliyenunua maziwa ya Dida na kuyapeleka mjini. Aliteremka na mtungi mtupu. "Sumu hiyo!" Chengo akamwonya. Sadik akavuta hewa kwa pua.

"Adeer Dida, ami yangu, muongo huyo! Hii ni dawa ya kupe. Nusa! Ile tunayouziwa ghali madukani, leo imemwagika bure."

Dida alinusa. Harufu ilikuwa ileile. Mwenyewe alikuwa amepulizia ng'ombe wake dawa ya namna hiyo siku zote za maisha yake. Sadik alikuwa ameshaingia majini. Alichovya tangini mpira wa kuvutia petroli, akanyonya, akatema, akacheka.

"Chungu kama shemeji yangu! Leta mitungi, adeer!"

"Sadik, Molu yuko chini ya hiyo ndege."

Sadik akageuka, akauona mkono kwenye nyasi. Alitaka kusema neno, na badala ya neno likatoka povu. Macho yakamjaa machozi, mate yakamchuruzika mpaka kifuani. Akajikokota nje ya maji, akaanguka chali, akaanza kurusha miguu.

Ardhi ikatetemeka. Ng'ombe walikuwa wamenusa maji na kuwatoroka wachungaji. Mbele yao alikuwa Guracha, fahali mweusi ambaye tangu udogo wake aligeuzwa na mluzi wa Molu tu. Walio nyuma wote walimfuata yeye. Hiyo ndiyo ilikuwa mali yote ya nyumba yao, chakula cha watoto wa Dida na sasa cha yatima wa Molu pia.

Dida akamkimbilia. Akapiga mluzi kama wa mdogo wake. Guracha akainua masikio, akamtafuta Molu kwa macho, hakumwona, akaendelea. Dida akamgonga pua kwa mpini wa mkuki mpaka damu ikamrukia usoni. Fahali akamwinua kwa pembe na kumtupa kando.

Dida akainuka na mbavu zilizovunjika. Akaushika mkuki kwa mikono miwili, akauzamisha nyuma ya bega la Guracha kwa uzito wake wote. Mpini ukakatika. Guracha akapiga magoti hatua chache kutoka majini, damu ikiruka kama maji ya mfereji.

Ng'ombe wakaifikia damu ya mwenzao na kusimama, kama Dida alivyojua watasimama. Wakaizunguka wakinguruma, wakichimba ardhi kwa kwato, pembe zikigongana. Hakupita hata mmoja. Wachungaji wakafika, wakawachapa bila huruma, na baadhi yao wakawaswaga kuelekea mtoni Tana.

Sadik alikuwa ameacha kurusha miguu. Wachungaji waliobaki wakamwendea Chengo na marungu. Dida alifika kabla yao. Mchungaji wa kwanza kuinua rungu akapigwa ngumi ya koo, akaanguka.

"Dida, umerogwa? Si ndugu yako huyo aliyelala pale?" mwingine akafoka.

"Ndiyo maana asiguswe. Akifa, nani atamtaja aliyemtuma?"

Akachuchumaa, mkono mmoja mbavuni, wa pili ukaubana utaya wa Chengo.

"Tajiri wako anaitwa nani?"

Chengo akalitaja jina.

"Kwa sauti," Dida akasema. "Wasikie wote."