Chuma cha Mlango wa Jikoni

Mume wangu ni daktari wa meno. Ukimwona kazini, koti jeupe, kucha safi, sauti ya chini, huwezi kuamini kwamba Jumamosi huyo huyo hulala chali chini ya lori la jeshi, grisi imemfika masikioni. Wenzangu wana wake wenza. Mimi nilikuwa na malori mawili uani. La pili, lenye magurudumu sita na turubai lililooza, lilivutwa kwa mnyororo kutoka mnadani, majirani wakatoka kulitazama kama mzoga wa tembo.

"Hili nalo utalifanyia nini?" nilimuuliza.

"Nitaling'oa mabovu, nitaziba yanayozibika," alijibu, akacheka peke yake.

Na alijua kazi. Kabureta aliisafisha kwa brashi ndogo za kliniki. Alinyoosha springi, akabadilisha raba za breki, akatafuta gia moja kwa simu na barua miezi kumi na minne. Siku injini ilipowaka alinikumbatia kwa mikono ile ile michafu. Blauzi yangu ya ofisini iliharibika, wala sikujali, maana sikuwa nimemwona na furaha ile tangu siku ya harusi.

Kile chuma kilitoka kwenye sanduku la vifaa chini ya kiti cha dereva. Kilikuwa kinene kama mkebe wa maziwa, tumbo nje, mbele kimechongoka, mkia umekatika, chote kimevaa kutu na grisi iliyoganda. Mwanzoni alikigongea pini zilizokwama. Siku hizo mlango wetu wa jikoni ulikuwa ukipigwa na upepo, ba! ba! ba!, mama mkwe hapati usingizi wake wa mchana. Nikaona chuma kizito, nikakiomba. Nilikisugua kwa waya wa sufuria, chini ya kutu yakatokea maandishi.

"Haya ni ya nini?"

Alikitazama kidogo. "Namba za kiwanda."

Nikakipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye lori, nikakiweka mlangoni. Kikakaa pale miaka mitatu. Mara ngapi nimekisukuma kwa kisigino, sinia mkononi? Sitaki kuhesabu.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, alikuja mzee tunayemwita Sajini. Alikuwa fundi wa magari jeshini hadi alipostaafu, na mume wangu alimwita asikilize gia iliyokuwa ikilia. Alipomaliza aliingia jikoni kunawa mikono. Mimi nilikuwa nainua sufuria ya maji ya moto. Nilisikia hatua zake zikikoma.

"Shemeji," alisema, polepole kabisa. "Tua sufuria. Usiitupe, itue."

Nikaitua. Nilidhani ameona nyoka.

"Hicho kimefika vipi hapo?"

"Hicho? Si cha kuzuilia mlango? Kilitoka kwenye lori."

Uso wake ulibadilika rangi. Mtu mzima, mwenye sharubu nyeupe, jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji. "Shemeji, hilo ni bomu la mzinga. Na kiwashio chake bado kipo kichwani."

Nilitaka kucheka, nikitumaini naye atacheka, lakini hakucheka. Mume wangu alitokea mlango wa uani, anajipangusa kwa tambara.

"Ah, Sajini, hicho ni chuma tu."

"Nyamaza! Nani mwingine yumo ndani?"

Tukatazamana. Mama mkwe. Miguu yake haimbebi tangu mwaka juzi, chumba chake ndicho cha mwisho, nyuma ya jikoni, madirisha yana nondo, na njia pekee ya kutoka inapita pale pale mlangoni.

Na upepo ulikuwa umeanza. Niliuona mlango ukijongea, ukakigusa chuma, ukarudi, ukakigusa tena.

"Shemeji, shika huo mlango," Sajini alisema. "Usisogeze mguu."

Nikaushika. Nilisimama hatua moja kutoka kwenye lile dude la kijani nililolipamba kwa mikono yangu. Mume wangu alipita, akarudi na mama yake mgongoni.

"Mnanipeleka wapi mbiombio hivi? Sijavaa hata viatu!"

"Mama, tulia tu, nakuomba."

"Nyumba inaungua?"

Nguo yake ilikuwa ikiburuta chini, pindo likielekea moja kwa moja kwenye ncha. Nilinyoosha mkono wa pili, nikalinyanyua, nikalishika mpaka walipovuka kizingiti. Ndipo Sajini akauzuia mlango kwa gunia la mchele, akaniambia nitoke. Ilibidi anivute kama mtoto.

Mtaa mzima ulihamishwa. Watu wakajaa uwanja wa shule, wengine na sabuni bado masikioni. Wataalamu wa mabomu walikuja na sanduku la mchanga, wakalichukua lile bomu, wakalipeleka kwenye machimbo ya mawe nje ya mji. Saa tisa tukausikia mlio. Mabati ya shule yalitetemeka, kitoto cha jirani kikaanza kulia. Mama mkwe, aliyekaa kwenye dawati la watoto, alisema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu."

Mkuu wa wale wataalamu alirudi kwetu. "Lilikuwa zima kabisa," alisema. "Sijui niwaambie nini. Nendeni mkashukuru." Kisha akamgeukia mume wangu. "Daktari, hukushuku hata kidogo?"

Mume wangu aliinamisha kichwa. "Nilijua ni bomu."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Niliyaona maandishi," aliendelea, hanitazami. "Muuzaji mnadani aliniambia vitu vya jeshi vinavyobaki kwenye magari ni vya mazoezi, vitupu. Nikaamini. Mke wangu aliponiomba la kuzuilia mlango, niliona nikikataa itabidi nieleze, na nikieleza, malori yataondoka."

Mlio wa machimboni ulinishtua, lakini haukunifanya hivi. Nilikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na sketi yangu nzuri. Miaka mitatu. Alikuwa akinipita jikoni kila asubuhi, ananisalimia, anachukua chai yake, anaona mguu wangu ukikisukuma.

Jioni ile nilimwambia jambo moja tu. "Utapita nyumba kwa nyumba, uwaambie ulivyotuambia sisi. Yote, na hilo la kujua."

Alipita. Nilikwenda naye, si kumsaidia, ila kuhakikisha hapunguzi. Wengine walimpa pole, wakamkaribisha kiti. Jirani wa mbele, mama wa mapacha, alimsikiliza mpaka mwisho, akamtazama kama mgeni, akafunga mlango. Mume wangu alibaki amesimama akiutazama ule mlango. Hakung'oa jino la mtu wiki mbili. Wagonjwa waliambiwa daktari ana homa.

Malori hayakuondoka. Nilidhani nitayafukuza, lakini mama mkwe ndiye aliyesema chuma hakina kosa, mwenye kosa ana masikio. Sasa Sajini huja kwanza, afungue kila sanduku na kila kiti, ndipo mume wangu ashike spana.

Juzi, akiwa chini ya injini, aliniuliza kama nimemsamehe.

"Siku nikikusamehe nitakuambia," nilimjibu. "Toka huko uoge, chakula kinapoa."