Damu ya Mwaka Jana

Siku ile mjinga alikuwa Hubert, na tuliseme mapema asije akajitetea. Alifika kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi ya Kitshanga na kompyuta yake, ametumwa asome fishi za wagonjwa, yaani rekodi za matibabu yao, na kutenga figo zilizoumia ghafla na zile zilizochoka zamani. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: figo ndizo husafisha damu, kwa hiyo damu iliyokuwa safi ikichafuka ndani ya siku chache, hilo ni pigo jipya, mtu anaweza kupona, iliyochafuka tangu zamani, basi tena. Na ambulansi ya kwenda Goma, asubuhi hiyo ambapo mapigano kwenye barabara ya Sake yalikuwa yametulia kidogo, ilikuwa na nafasi moja tu, ya pigo jipya.

"Huyu Drocella iko mugonjwa wa zamani," alisema, akimwonyesha mwanamke aliyelala kitandani. "Damu yake ilikuwa mubaya tangu mwaka jana."

"Papa Hubert, hiyo kompyuta imekunywa nini?" muuguzi Kavira alicheka. "Alikuwa analima maharagi, mpaka kuhara ikamukamata juzi."

Hubert alikunja jicho. Maisha yalikuwa yamemchapa hadi akanusa ujanja hata kwenye sabuni. Kwa nini Kavira ampiganie huyu? Ni ndugu yake? Amepewa mbuzi? Na mbona, mwaka jana ulipotajwa tu, Drocella alitazama ukuta, na mama mkwe wake, aliyekaa kando ya kitanda na miguu imevimba kama mihogo, akavuta kitenge mpaka puani?

"Munanificha kitu."

Nje, dereva wa ambulansi alipiga honi.

"Vizuri. Kompyuta haina ndugu. Nafasi napatia mwingine."

Hapo kitenge kikashuka. "Ile damu ya mwaka jana iko yangu," mama mkwe alisema. "Nilifika kambini nyuma, wamekwisha kuandika watu. Bila kadi hawatibu bure. Nikatibiwa na kadi ya Drocella. Tuliogopa mutatunyang'anya hiyo kadi."

Hubert alijiona amenaswa, naye hakuzoea kushindwa mbele ya watu. "Kumbe mulidanganya! Basi ile imeandikwa imeandikwa. Fishi iko na jina yako, Drocella, na ugonjwa ndiyo huo."

Drocella alijiinua kwa kiwiko, akihema.

"Papa, mama mukwe alikamata jina yangu ili apone. Sasa unataka mimi nikamate ugonjwa yake ili nife?"